Gari la Jumatano

Mbinga, Alhamisi, 9 Januari

Asubuhi nimekuta doa jeusi chini ya gari, upana wake kama sahani ya chai. Mvua ilikuwa imelisambaza hadi kwenye ngazi ya mlango. Gari hili ninalo wiki tano tu. Ni la mwaka 1999, limetembea kilomita laki mbili na thelathini elfu, na aliyeniuzia, Goodluck wa idara ya mipango, amehamishiwa Kigoma kabla sijalizoea. Nimempigia simu.

"Dada Sekela, gari la umri huo lazima litoe jasho," akasema. "Wewe pima oili kila asubuhi kabla hujawasha. Ikiwa chini ya mstari, ongeza. Basi."

Mchana nimenunua daftari hili. Kazi yangu ni kutunza majalada kwenye masjala ya halmashauri, mwaka wa kumi na moja sasa tangu nipangiwe huku kutoka Tukuyu, na sijui kushughulikia jambo lisilo na jalada.

Kijiti cha oili: chini ya mstari wa chini. Nimeongeza nusu lita.

Ijumaa, 10 Januari

Bado chini. Nusu lita tena.

Jumatatu, 13 Januari

Imefika kwenye mstari wa chini. Doa lipo palepale. Mvua.

Jumatano, 15 Januari

Leo nimemwona Eunice.

Nilikuwa nimepeleka barua ya ofisi hospitali. Kwenye benchi la nje alikaa mwanamke aliyelowa hadi kiunoni, mtoto mchanga mapajani, na mguu wa mtoto umepakwa kitu kama uji uliomwagika. Nilimtambua kwa mabega. Ana mabega ya marehemu mume wangu. Eunice ni mdogo wake Joakim, na hatujazungumza tangu nilipomzika Joakim hapa Mbinga badala ya kumpeleka kwao Lundo, ziwani. Miaka mitatu.

"Habari za siku nyingi, wifi," nikasema.

"Nzuri." Hakuniangalia.

Nesi wa kliniki ya miguu, Valeria, ndiye aliyenieleza. Mtoto anaitwa Edmund, ana wiki sita, amezaliwa mguu wa kulia umegeukia ndani. Wao wanauita mguu kifundo. Dawa yake ni kuunyoosha kidogo kidogo na kuufunga plasta mpya kila wiki. Plasta ya kwanza aliwekwa Jumatano iliyopita. Leo basi lilinasa kwenye tope, Eunice akapanda bodaboda kwenye mvua, plasta ikayeyuka njiani.

"Tunaanza upya," Valeria alisema, mikono ikiwa tayari kwenye beseni. "Jumatano saba mfululizo. Ya nane anakuja daktari wa kukata kano ya kisigino, na huyo tunampata mara moja kwa mwezi. Ukiruka wiki, mguu unarudi ulikotoka. Ukizoea kuruka, mtoto atatembelea ubavu wa mguu mpaka uzee wake."

Nikamwambia Eunice akae kwangu miezi hii miwili. Akakataa. Mama yao hajiwezi, Eunice ana watoto wengine wawili nyumbani, mumewe yuko Mtwara kibaruani. Sababu zote ni za kweli. Ile nyingine hakuitaja, na mimi sikuiuliza.

"Basi nitakufuata Lundo kila Jumatano, na kukurudisha."

Akaangalia gari langu uwanjani. Chini yake tayari palikuwa pameanza kumeta.

"Kwa hilo?"

"Kwa hilo."

Alhamisi, 16 Januari

Mkuu wangu wa idara amekubali nichukue likizo yangu ya mwaka kwa vipande, Jumatano mojamoja. Alicheka kwanza, halafu akasaini.

Fundi wa kwanza niliyemwona alifungua boneti, akaangalia kwa muda wa kumeza mate, akasema injini lazima ishushwe yote. Nikamshukuru. Wa pili ni mzee Nazari, mwenyeji wa Mkumbi, gereji yake iko nyuma ya soko. Ana miaka kama sitini na haongei mpaka aongeleshwe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeiosha?"

"Nini?"

"Injini. Yote imelowa. Nitajuaje inakovuja?"

Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Kumbe alikuwa ameanza kazi. Alinipa brashi na sabuni ya unga, akafunika nyaya kwa nailoni, akaniacha niisugue mwenyewe. Ilipokauka akaniambia nipake poda ya mtoto sehemu zote nilizozisafisha, tukaiwasha robo saa, tukazima, tukamulika kwa tochi. Kwenye weupe ule oili ilikuwa imejichora mistari.

"Oili haipandi mlima," akasema. "Ukikuta chini kumelowa, fuata kwenda juu mpaka ukute pakavu. Hapo pakavu panapoanzia, chini yake kidogo, ndipo penye kidonda."

Kidonda kilikuwa kwenye gasketi, ule mpira wa kuziba chini ya kava ya juu ya injini. Aliitoa ikavunjika mkononi kama biskuti.

Jumamosi, 18 Januari

Gasketi mpya imefungwa. Asubuhi chini ya gari pakavu. Kijiti: bado hakijafika mstari wa juu. Nusu lita.

Jumatano, 22 Januari

Lundo na kurudi, mara mbili kwa siku moja. Niliondoka saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili na nusu nikawa Lundo. Nilisubiri barabarani, sikuitwa ndani. Eunice alikaa siti ya nyuma na mtoto. Kutoka Lundo mpaka Mbinga alisema maneno mawili: "Punguza mwendo."

Plasta ya pili. Mgongo unaniuma.

Ijumaa, 24 Januari

Nusu lita.

Jumatatu, 27 Januari

Nusu lita. Doa dogo limerudi, upande wa nyuma wa injini safari hii.

Jumatano, 29 Januari

Plasta ya tatu. Valeria aliunyoosha mguu kwa vidole viwili, taratibu kama mtu anayefungua bahasha ya mwenzake, na Edmund akalia mpaka akapoteza sauti. Eunice aligeukia ukuta. Nikamshika mtoto kichwa mimi.

Nikawarudisha Lundo. Nilitaka kumwambia hata mimi nililia. Sikumwambia.

Ijumaa, 31 Januari

Nusu lita. Doa limekua.

Jumatatu, 3 Februari

Lita nzima. Nimechoka kuandika jambo lilelile.

Jumatano, 5 Februari

Plasta ya nne. Kwenye milima ya kurudi gari limetoa moshi wa bluu, mzito, mpaka lori lililokuwa nyuma likapiga honi tusimame. Chini oili inadondoka sehemu tatu ambazo zamani zilikuwa kavu. Eunice alishuka, akamfunika mtoto pua na kanga, akasimama mbali na gari kama mtu anayesubiri jengo lianguke.

"Ulisema limetengenezwa," akasema.

Nazari. Kesho nitamwambia vizuri.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia, na si vizuri. Gereji ilikuwa na wateja wanne. Nilisema kwa sauti kwamba mafundi wa mji huu wanashibia wajane, kwamba alinibadilishia gasketi moja akaziharibu tatu ili nirudi. Nazari alifuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja.

"Hilo daftari unaloandikaga, unalo?"

Nikampa. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Alirudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena.

"Tangu nifunge gasketi umeongeza lita tatu. Kabla ya hapo, moja. Na doa unasema ni dogo." Akanirudishia. "Mama, lita zote hizo zikimwagika, hupati doa. Unapata dimbwi. Zimekwenda wapi?"

Nikajumlisha upya mwenyewe. Lita tatu.

"Kesho asubuhi nitakuja kwako. Usiliwashe, usilisogeze."

Ijumaa, 7 Februari

Alikuja saa kumi na mbili na nusu kwa baiskeli. Hakugusa boneti kwanza. Alisimama getini akaangalia gari lilivyoegeshwa. Nyumba yangu iko ubavuni mwa kilima kama nyumba zote za mtaa huu, na gari huwa linalala pua ikitazama juu. Akavuta kijiti: oili imegusa mstari wa chini.

"Kila siku unapimia hapa?"

"Hapa hapa."

Tulitoa breki, tukaliacha liteleze hadi barabarani, tukalisukuma na majirani mpaka mbele ya kanisa, penye tambarare. Tulisubiri dakika kumi. Alipovuta kijiti mara ya pili, oili ilikuwa imepita mstari wa juu kwa upana wa vidole vitatu.

Nilielewa kabla hajasema. Mlimani oili yote inakimbilia nyuma, na kijiti kiko mbele. Tangu Januari nimekuwa nikisoma uongo, nikiuandika kwa tarehe, na kuulisha oili.

"Imeshiba mpaka inatapika," Nazari akasema. "Inasukuma sili zote, ile mipira ya kuizuia. Moshi ule ni oili imepanda ikaungua." Aliweka ndoo chini akafungua nati ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili ilitoka muda mrefu sana. Kisha, bado akiwa chini ya gari, akasema: "Na mimi nilikosea. Siku ile nilipofunga gasketi sikuvuta kijiti. Niliangalia juu tu."

Nilimpigia Goodluck. "Kwangu nilikuwa naegesha kwenye saruji," akasema, kwa mshangao wa kweli. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Sikupata pa kuanzia.

Jumamosi, 8 Februari

Nilichagua saa nne kwa makusudi, gereji ikiwa imejaa. Nilisema kwa sauti ileile ya juzi kwamba fundi Nazari alifanya kazi yake kwa haki, na niliyesema maneno machafu ni mimi, na naomba radhi.

"Haya," akasema Nazari. "Shika spana hiyo."

Nimekaa naye mpaka saa nane. Sasa najua filta ya oili, nati ya sampo, sili ya mbele, na kidude kimoja kidogo kama kifuniko cha soda, kimechomekwa ubavuni mwa injini: swichi ya oili, inayowasha ile taa nyekundu.

Jumanne, 11 Februari

Tambarare, mbele ya kanisa: kwenye mstari wa juu kabisa. Sijaongeza kitu.

Jumatano, 12 Februari

Plasta ya tano. Hakuna moshi. Maji ya mvua yaliingia dirisha la nyuma, siti ikalowa, Eunice akalazimika kukaa mbele. Baada ya kilomita nyingi akauliza:

"Unaandika nini kila tukisimama?"

Nikampa daftari alisome. Alisoma yote, hata yanayomhusu. Aliporudisha alisema, "Siku ile ya moshi sikukusudia vibaya. Niliogopa." Halafu: "Na wewe ulimtukana mzee wa watu."

"Nilimtukana."

"Mimi nisingerudi kuomba radhi."

Jumapili, 16 Februari

Tambarare. Sawa.

Jumatano, 19 Februari

Plasta ya sita. Mguu wa Edmund sasa unatazama mbele. Ni kisigino tu ndicho kimeng'ang'ania juu.

Wakati wa kushuka, karibu na ziwa, bila mimi kuuliza, Eunice akaanza kusema.

"Kaburi lilichimbwa, unajua? Kando ya baba. Ulipopiga simu kwamba mmeshazika huko, wanaume walitaka kulifukia. Mama akakataa. Lilikaa wazi siku tisa, likajaa maji, vyura wakaingia. Mama alikuwa bado anatembea wakati ule. Kila asubuhi anakwenda kuliangalia."

Sikujua. Miaka mitatu nilidhani wananichukia kwa ajili ya mila. Nilikuwa nimewaweka kwenye jalada moja, wote, nikaandika juu yake: wakwe wakaidi.

"Barabara ilikuwa imefungwa," nikasema. "Mlima ulimeguka."

"Ndivyo tulivyoambiwa."

Nilimshusha, nikageuza gari. Barabara ilifungwa, kweli. Nimeandika sentensi hiyo, nimeiangalia, na najua ina upungufu.

Jumatano, 26 Februari

Plasta ya saba. Valeria amefurahi. Wiki ijayo daktari.

Alhamisi, 27 Februari

Nimeiosha injini mwenyewe, nikapaka poda. Kila mahali pakavu ila kwenye ile swichi ya oili. Nilimwonyesha Nazari. "Umeiona mwenyewe?" akauliza, na nadhani alitabasamu. Swichi mpya ameiagiza Songea. Itafika Ijumaa ijayo, siku mbili baada ya daktari. Akanishauri nibebe dumu la lita tano na nisiidharau taa nyekundu hata kwa pumzi moja.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza asubuhi na haijapumzika.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo yote, kwa mpangilio.

Nilifika Lundo saa kumi na mbili na nusu. Eunice alikuwa tayari barabarani, plasta ya mtoto ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Daktari huanza saa nne na huondoka saa nane. Tope kabla ya kushika lami lilikula saa nzima na zaidi. Mara mbili Eunice alishuka kusukuma pamoja na watu waliokuwa wakienda shamba, akarudi ametapakaa hadi kwenye nyusi.

Kwenye mwinuko wa tatu baada ya kushika lami, taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Nilisimama, nikazima injini hapo hapo.

"Limekufa?" Eunice akauliza.

"Sijui bado. Weka jiwe nyuma ya tairi."

Niliinua boneti. Eunice akaja na mwavuli, akaufungua juu ya injini, yeye mwenyewe akibaki kwenye mvua. Nilianza juu kama nilivyofundishwa. Kava kavu. Chini yake kavu. Nikafika kwenye swichi: ubavu mzima chini yake ulikuwa unang'aa oili mbichi. Kilichokuwa kikitoa machozi wiki iliyopita sasa kilikuwa kinatema.

Mlimani pale sikuweza kupima; hilo somo nimelilipia. Tulitoa jiwe, nikaliacha gari lirudi nyuma polepole hadi kwenye uwanja wa shule, tambarare. Dakika kumi. Kijiti kikatoka kikiwa kimelowa ncha tu. Nilitia lita moja na nusu kikafika mstari wa juu. Nikachomoa waya wa swichi, nikaizungushia ukanda wa mpira wa tyubu ninaofungia mizigo, nikaukaza mpaka vidole vikauma.

"Waya umechomoa," Eunice akasema. "Sasa taa itawakaje?"

"Haitawaka. Tutasimama kila kilomita kumi, tupime. Tangu Lundo tumetembea thelathini na tano, imetoka lita moja na nusu. Zimebaki hamsini na tano. Dumuni zimebaki lita tatu na nusu."

Alikokotoa kimya kimya. "Ikitoka kwa kasi hiyo hiyo, zinatosha."

"Zinatosha."

"Ikiongezeka?"

"Ndiyo maana tunasimama."

Kituo cha pili, tukihesabu shule kuwa cha kwanza, kilikuwa pale mlima ulipomeguka mwaka ule. Barabara imepanuliwa, kando pana nafasi tambarare, na ukuta wa udongo mwekundu bado haujaota kitu. Nilizima. Dakika kumi za kusubiri. Edmund alikuwa amelala. Eunice aliangalia ule ukuta kwa muda.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Mkubwa," akasema. "Nilikuwa sijui ni mkubwa hivi. Nimepita mara nyingi nikiwa nimelala, au sikutaka kuangalia." Sauti yake ilikuwa imelainika, na nikaona wazi kwamba ananisamehe, na kwamba anachosamehe sicho nilichofanya.

"Wifi," nikasema, "barabara ilifunguliwa siku ya pili ya msiba, jioni. Dereva wa ofisi alinipigia simu. Alisema malori yameanza kupita, tukiondoka alfajiri tutafika Lundo mchana. Mazishi ya Mbinga yalikuwa yamepangwa asubuhi hiyohiyo iliyofuata. Nilikuwa sijalala siku tano, tangu alipozidiwa. Nikamwambia asimwambie mtu. Ningeweza kumleta."

Mvua ilipiga paa. Aliweka mkono juu ya plasta ya mtoto.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Ulikuwa unanisamehe kwa jambo jingine."

Nilishuka, nikapima: nusu lita imepungua. Nikatia. Nikawasha. Sikumtazama.

Kituo cha tatu, uwanja wa mtambo wa kahawa wa kikundi cha wakulima. Kabla sijafungua mlango, alimlaza mtoto kwenye siti, akashuka, akachukua dumu. "Nionyeshe panapotiwa," akasema. Nikamwonyesha. Alitia lita nzima bila kumwaga tone, akakisoma kijiti mwenyewe, akakifuta, akakisoma tena. Macho yake yalikuwa mekundu.

Kituo cha nne mpira ulikuwa umelegea, oili imepungua lita moja na nusu kwa kilomita kumi. Niliukaza upya, tukairudisha yote. Cha tano ilikuwa imetoka lita nzima, na dumuni imebaki nusu tu. Tulitia yote iliyobaki, tukakamua dumu, tukalipindua likadondosha matone ya mwisho. Zimebaki kilomita kumi na tano.

"Haifiki mstari wa juu," Eunice akasema.

"Haifiki. Iko juu ya wa chini."

"Basi twende. Usikimbie."

Nilikwenda kwa gia ya juu, mwendo wa mtu anayebeba maji. Tuliingia geti la hospitali saa saba na dakika ishirini. Valeria alikuwa mlangoni, amepakwa majivu usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba ni Jumatano ya Majivu. Aligeuka akaita ndani: "Daktari, wa Lundo amefika!" Daktari alikuwa ameshavaa koti la safari. Akalivua.

Kano ya kisigino ilikatwa kwa muda mfupi kuliko tulivyosimama kwenye kituo kimoja. Mtoto alilia mara moja, kisha ikasikika sauti ya bandeji ikifunguliwa. Nilikaa kwenye benchi la nje, mikono myeusi hadi viwikoni. Eunice alitoka na mtoto mwenye plasta ya mwisho, ya kukaa wiki tatu, akakaa karibu yangu, si karibu sana.

"Nitamwambia mama," akasema. "Siwezi kukaa na hilo peke yangu."

"Mwambie."

Usiku wamelala kwangu, kwa kuwa gari halikuweza kushuka. Leo mchana wamerudi kwa gari la hospitali lililokuwa linapeleka dawa ziwani. Wakati wa kuondoka hakuniaga kwa mkono. Alikuwa amebeba mtoto. Sijui kama angeniaga.

Ijumaa, 7 Machi

Swichi mpya imefika. Nimeifunga mwenyewe, Nazari akiwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Alisema neno moja tu: "Usikaze kupita kiasi."

Jumatatu, 17 Machi

Kavu. Mvua zinapungua. Hakuna simu kutoka Lundo.

Jumatano, 26 Machi

Wiki tatu zimetimia. Nilimfuata Eunice kama kawaida. Alikuwa mpole, hakuwa mwepesi wa maneno. Valeria alikata plasta ya mwisho, akaosha mguu kwa maji ya vuguvugu, akaukanyagisha juu ya meza. Unyayo wote uligusa ubao. Kisha wakamvika viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau. Atavivaa mchana na usiku miezi mitatu, baada ya hapo usiku tu mpaka afikishe miaka minne.

Nilipowashusha, Eunice alisimama na mlango wazi.

"Nilimwambia mama."

Nikazima injini.

"Anauliza utakuja lini. Siyo kwa hospitali."

Jumamosi, 29 Machi. Lundo

Naandikia kwa mama mkwe.

Niliingia nyumba hii kwa mara ya kwanza tangu Joakim alipokuwa hai. Mama amelala chumba cha kwanza, kitanda kimesogezwa dirishani aone ziwa. Amekonda sana. Nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama muda mrefu. "Wewe ndiye uliyemzika mwanangu mbali na mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na njia ilikuwa wazi."

"Ilikuwa wazi."

Eunice alikuwa mlangoni na sahani ya ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Hakuingia.

"Eunice anasema hukuwa umelala siku tano."

"Hiyo siyo sababu, mama."

"Sikukuuliza kama ni sababu. Nakuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia. Chini ya blanketi mkono wake ukatoka, ukapapasa hewani mpaka ukanipata kifundo cha mkono, ukakishika kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Ungemleta," akasema. "Ungelala hapa. Mimi ningekesha naye."

Nililia mbele yake, na hakuninyamazisha. Nilipomaliza aliniambia nile, nikala. Halafu akamwagiza Eunice atandike mkeka chini, kando ya kitanda chake, akanyoosha kidole.

"Lala sasa."

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali la kwanza baada ya miezi mitatu. Nililala. Nilisikia mara moja watoto wakija mbio kutoka ufukweni, na sauti ya mama, nyembamba lakini yenye amri, ikiwafukuza wakacheze mbali kwa sababu mkwe wake amepumzika. Nimeamka saa kumi.